Mshipi kwanza, begi baadaye: mwongozo kamili wa kubeba vifaa vya kulenga shabaha

Wengi wanaoanza kulenga shabaha kwa bastola hununua begi kwanza. Begi linavutia dukani, lina vifuko vingi, na mtu akilivaa begani anajiona tayari amekamilika. Mshipi anaukumbuka mwisho, na mara nyingi anaishia kutumia ule ule anaovaa ofisini. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Mshipi ndio unaoshika silaha unapokimbia, unapopiga goti na unapochomoa. Begi kazi yake ni kusafirisha tu. Kama fedha ni chache, na kwa wengi wetu ni chache, zianze kwenye mshipi na holsta (ala ya bastola), zifuate vikinga masikio na miwani, halafu kilichobaki ndicho kitafute begi.

Ninamwandikia hasa mwenye bastola ya kiraia iliyo na kibali halali, anayefanya mazoezi au kushindana kwa kanuni za IDPA au IPSC, mashirika mawili ya kimataifa ya mashindano ya kulenga shabaha, kwenye viwanja kama cha Kirigiti, Kiambu. Aliye Dar es Salaam, Kampala, Muscat au Marekani anaweza kufuata hatua zizi hizi, ila sheria za kubeba na kusafirisha silaha asome za kwake.

Hatua ya kwanza: jua kanuni kabla hujatoa hela

Kuna mishipi mizuri sana ambayo hutaruhusiwa kuivaa kwenye mashindano unayoyataka. IDPA, iliyoanzishwa mwaka 1996, inataka mtu ashindane akiwa amevaa kama avaavyo kila siku. Mshipi lazima upite kwenye vitanzi vya suruali, upana wake usizidi inchi 1¾, yaani kama milimita 44, na unene usizidi 5/16 ya inchi, karibu milimita 8. Holsta na vifuko vya magazini, yaani vikasha vya risasi vinavyoingia kwenye bastola, hufunikwa kwa shati, koti au kizibao. Kwa hiyo ule mshipi mpana wa tabaka mbili unaouona kwenye video za mabingwa wa mbio za bastola hauna nafasi huko.

IPSC, iliyoundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, ina milango mipana zaidi. Mshipi wa tabaka mbili unakubalika na ndio unaovaliwa na karibu kila mtu. Lakini kila daraja lina masharti yake. Kwenye daraja la Production, lile la bastola za kiwandani, bastola na magazini havitakiwi kuwa mbali na upande wa ndani wa mshipi kwa zaidi ya milimita 50, na bastola inakaa nyuma ya mfupa wa nyonga. Kuna sharti jingine ambalo wageni hulikosa: ukisimama wima bila kujikaza, mtutu wa bastola iliyo kwenye holsta usielekee zaidi ya mita moja kutoka miguuni mwako. Holsta iliyoinama kupita kiasi itakurudisha nyumbani hata kama ni ya bei ghali. Kanuni hizi hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa, basi chukua toleo linalotumika mwaka huu, fungua sura ya vifaa, uisome yote. Ni kurasa chache tu.

Sheria ya nchi nayo ina neno kuhusu begi lenyewe. Mabegi mengi ya shabaha yanayouzwa mtandaoni huja kwa rangi za mabaka ya kijeshi. Kwetu Afrika Mashariki hilo ni jambo la kukwepa kabisa. Nchini Tanzania, Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba mwezi Agosti 2023 kwa raia wote waliokuwa na mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe, na Kenya pia raia akivaa sare zinazofanana na za jeshi anajitafutia kesi. Mtu mwenye bastola kiunoni na mabaka mgongoni anasimamishwa kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi, na hatakuwa na la kumlaumu askari. Chagua nyeusi, kijivu, bluu iliyokolea au kahawia. Cheti cha silaha na kitambulisho vibaki mwilini mwako, siyo kwenye begi, kwa sababu begi huachwa kwenye buti na silaha huwa kiunoni, au kinyume chake.

Hatua ya pili: tandaza vitu mezani uvipime

Kabla ya kutazama begi lolote, tandaza kila kitu utakachokwenda nacho uwanjani, ukipime kwenye mizani ya jikoni. Risasi zibaki kwenye pakiti zake. Utazihesabu kwa karatasi.

Risasi moja ya 9mm yenye kichwa cha greini 124 (kama gramu 8) ina uzito wa gramu 12 hivi. Pakiti ya 50 ni karibu gramu 600. Ukienda na risasi 200, kiasi cha kawaida kwa asubuhi moja ya mazoezi, tayari umebeba kilo 2.4 za risasi peke yake. Bastola kama Glock 17 ikiwa na magazini tupu ni gramu 700 na kidogo. Ongeza magazini nyingine tatu au nne, mshipi na holsta yake, vikinga masikio, miwani, kisanduku cha huduma ya kwanza, vifaa vya kusafishia, karatasi za shabaha na gundi yake, na lita moja na nusu ya maji. Jumla inakaribia kilo 8.

Kilo 8 kwenye mkanda mmoja wa bega, kutoka maegesho hadi mstari wa kulengea, si mzigo mdogo. Na huu ni mzigo wa mtu mwenye kiasi. Anayebeba risasi 500 ana kilo 6 za risasi, na begi lake litakuwa kazi tofauti kabisa. Ndiyo maana napinga ushauri wa kununua begi kubwa "ili baadaye". Begi kubwa hujazwa. Utajikuta unatembea na bisibisi ambazo hujazigusa tangu uzinunue.

Upimaji huu unakupa takwimu mbili za kwenda nazo dukani: uzito wote, na nafasi. Nafasi ni rahisi kupata. Panga vitu vyako ndani ya boksi la katoni, upime urefu, upana na kimo kwa sentimita, uvizidishe, ugawe kwa 1,000. Boksi la 40 kwa 25 kwa 25 ni lita 25. Kwa mtu wa bastola moja na risasi 200 hadi 300, lita 20 hadi 30 zinamtosha.

Sasa pima upya, safari hii vya kiunoni tu. Bastola iliyojazwa risasi 17 ni karibu gramu 900. Holsta gramu 150 hadi 200. Magazini moja iliyojaa ni gramu 280 hivi, na ukibeba tatu umefika 840, bado vifuko vyake. Ni karibu kilo mbili zinazoning'inia kiunoni, nusu upande huu na nusu upande ule, zikirukaruka kwa kila hatua unayokimbia. Mshipi wa ofisini haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya tatu: mshipi

Sifa ya kwanza ya mshipi wa silaha ni kutojikunja upande. Ushike kwa mkono mmoja ukiwa umesimama kwa ukingo wake, uache sentimita 30 zitokeze mbele. Mshipi wa kawaida utaanguka na kujipinda papo hapo. Mshipi wa silaha unabaki umenyooka, labda unainama kidogo tu mwishoni. Kisha jaribu kuusokota kama unakamua nguo: ukisokotika kirahisi, holsta nayo itaegemea nje, mshiko wa bastola utaachana na ubavu, na kila utakapochomoa mkono utakuta bastola mahali tofauti.

Upana wa inchi moja na nusu, milimita 38, ndio unaoingia kwenye vitanzi vya suruali nyingi za jinsi na kaki, na holsta nyingi huja na vibanio vya kipimo hicho. Wa milimita 44 una nguvu zaidi lakini hakikisha suruali zako zinaukubali. Jambo la muhimu kuliko upana wenyewe ni kwamba kibanio cha holsta kilingane na mshipi. Kibanio cha milimita 44 kwenye mshipi wa 38 kinacheza, na mchezo huo wa milimita sita ukifika kwenye mtutu unakuwa mkubwa.

Kuhusu malighafi, njia ziko tatu.

Ngozi ndiyo ninayompendekezea mtu wa IDPA na anayevaa silaha kila siku, na hapa sisi tuna bahati. Mafundi wa ngozi wa soko la Kariokor, Nairobi, wanaweza kukushonea mshipi bora kuliko mingi inayoagizwa, mradi uwaeleze unachotaka. Agiza ngozi ya ng'ombe halisi, tabaka mbili zilizogundishwa na kushonwa pamoja, mistari miwili ya mshono kando ya kingo zote, kwa uzi wa nailoni au poliesta ulionyweshwa nta. Unene wote ufike milimita 5 au 6. Bizimu iwe ya chuma au shaba, ifungwe kwa skrubu ili uweze kuibadilisha. Mashimo yawe karibukaribu, sentimita mbili kutoka moja hadi jingine, maana siku ya mashindano unavaa fulana ndani na siku nyingine huvai. Mwambie fundi kabisa kwamba ni wa kubebea uzito, la sivyo atakushonea wa harusi. Kataa ngozi iliyosagwa ikabandikwa kwa gundi: ikunje kwa nguvu, ukiona mikwaruzo midogo inafunguka juu kama rangi inayobambuka, rudisha.

Njia ya pili ni utepe wa nailoni ulioimarishwa kwa plastiki ngumu au bamba jembamba la chuma ndani. Haujali jasho wala mvua, unarekebishika bila mashimo, na hauozi. Kwa Mombasa, Tanga na Zanzibar, ambako ngozi huota ukungu kabatini, nailoni ndiyo chaguo la busara. Ubaya wake ni bizimu. Bizimu nyingi za kubofya zinazouzwa mitandaoni ni nakala za Cobra, ile ya AustriAlpin ya Austria, na nakala hizo zinaweza kufunguka zikibanwa upande. Jaribu hivi: funga bizimu, ishike pande zote mbili, bofya mbawa moja tu huku unavuta. Ikiachia, usiibebeshe silaha.

Njia ya tatu ni mshipi wa tabaka mbili kwa ajili ya IPSC. Wa ndani ni mwembamba, unapita kwenye vitanzi vya suruali na uso wake wa nje umefunikwa velkro laini. Wa nje ni mgumu sana, una velkro ya kulabu kwa ndani, na juu yake ndiko holsta na vifuko vyote vimefungwa moja kwa moja. Ukifika uwanjani unaubandika wa nje juu ya wa ndani kwa sekunde chache, na kila kitu kinarudi pale pale kilipokuwa wiki iliyopita. Faida hii ya kurudi pale pale ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani mkono hujifunza mahali. Nunua wa ndani na wa nje kutoka kwa mtengenezaji mmoja, kwani velkro za watengenezaji tofauti hazishikani sawa.

Kipimo: usitumie namba ya suruali. Vaa suruali ya mashindano, zungusha futi ya fundi cherehani mahali mshipi unapopita, na kama bastola yako hukaa ndani ya suruali, pima ikiwa imo, tupu. Kwa wengi, bastola ya ndani huongeza sentimita 5 hivi. Tundu la katikati ndilo liwe lako.

Kwa wanawake, ushauri mwingi unaoandikwa mtandaoni haufai, kwa kuwa umeandikwa kwa viuno vya wanaume. Nyonga zikipanuka, mshipi ulionyooka huelekeza mshiko wa bastola kwenye mbavu na mtutu nje. Tafuta mshipi uliokatwa kwa kupinda kidogo, na holsta yenye kipande cha kuitenga na mwili. Kanuni za IPSC zinamruhusu mwanamke kuvaa mshipi wa mashindano usawa wa nyonga badala ya kiunoni, na dada anayeanza anapaswa kuijua ruhusa hiyo mapema kabla hajakata tamaa na maumivu ya mbavu.

Hatua ya nne: vinavyokaa juu ya mshipi

Holsta ifunike kifyatulio chote, iwe imetengenezwa kwa aina yako hasa ya bastola, na mdomo wake ubaki wazi baada ya kuchomoa. Holsta ya kitambaa, ile inayodai kubeba bastola zote, hujifunga ikishakuwa tupu. Mtu huishia kuitanua kwa mkono wa pili huku anarudisha bastola, na hapo mtutu unapita juu ya vidole vyake mwenyewe. Hii nakataa bila kubembeleza. Plastiki ngumu au ngozi iliyobanwa kwa umbo la silaha, basi.

Vifuko vya magazini vikae upande wa mkono usio wa kulengea, kimoja kimoja, vyenye skrubu ya kukaza na kulegeza. Vichwa vya risasi vielekee mbele, kuelekea kitovu, ili kidole cha shahada kiguse kichwa cha risasi ya kwanza unapovuta. Kaza skrubu hadi ukigeuza kifuko juu chini na kukitikisa magazini isianguke, halafu usiongeze hata kidogo.

Mshipi uliojaa, ujaribu nyumbani na silaha tupu, risasi zikiwa chumba kingine. Chomoa taratibu huku unatazama mshipi. Kama mshipi unapanda pamoja na bastola kabla bastola haijaachia holsta, mshipi ni laini mno au umelegea. Kaa kwenye kiti cha gari. Piga goti. Chuchumaa kama unayefunga kamba za kiatu, kisha inuka uguse kila kitu bila kutazama. Kilichohama kwa upana wa kidole kinahitaji kukazwa upya.

Hatua ya tano: begi

Swali la kwanza la begi la bastola si idadi ya vifuko. Ni hili: je, bastola inaweza kutoka bila kugusa risasi?

Kwenye mashindano ya IPSC na IDPA, uwanja ni wa silaha tupu. Hakuna anayetembea na bastola iliyojazwa; unajaza mbele ya msimamizi tu, kwa amri yake. Kuvaa silaha au kuivua hufanyika eneo la usalama, penye tuta la kuzuia risasi na meza, na huko kugusa risasi, hata zile za bandia za mazoezi, kunakutoa mashindanoni siku hiyo hiyo. Unaweza kuingia ukiwa na magazini zilizojaa kwenye mshipi au ndani ya begi, lakini usizitoe wala kuzishika. Sasa fikiria begi ambalo bastola imelala chini ya pakiti za risasi. Umesafiri kutoka Nakuru, umelipa ada, na unaondoka kabla ya kufyatua risasi hata moja.

Kwa hiyo tafuta begi ambalo bastola ina kifuko chake chenye zipu yake, kinachotoka chote kizima. Vifuko vingi vya namna hiyo vina nafasi za magazini ndani, kando ya bastola. Ziache tupu, au weka magazini tupu tu. Magazini zilizojaa na pakiti za risasi zikae upande mwingine wa begi.

Halafu fanya jambo dogo ambalo halina gharama: tia alama nje ya kifuko upande ulipo mtutu. Utepe mwekundu ulioshonewa mwishoni mwa zipu unatosha. Ukifika mezani, alama inaelekezwa kwenye tuta kabla hujagusa zipu. Ukifungua ukakuta bastola imeelekea kwako, usiizungushe bastola. Funga, zungusha kifuko chote, fungua tena. Kifuko kisicho na alama kinakulazimisha kubahatisha mbele ya watu waliosimama nyuma yako.

Sasa umbo. Begi la kubeba kwa mikono, lenye umbo la boksi na mdomo mpana, linafaa anayekwenda na gari hadi karibu na mstari. Linasimama lenyewe, unaona kila kitu kwa mara moja. La mgongoni linafaa anayetembea kutoka kituo hadi kituo cha mashindano siku nzima, na kwa anayepanda matatu au bodaboda halina mpinzani: uzito unagawanyika mabega yote, mikono iko huru, na linafanana na begi la mwanafunzi wa chuo. Kwenye boda livae mbele, kifuani. Yale ya magurudumu yanakwama kwenye kokoto na matope ya viwanja vyetu. Sijaona uwanja wetu hata mmoja ambao yanastahili bei yake.

Ukiwa dukani, au Gikomba ukichambua mitumba, kagua mambo haya kwa utaratibu. Kitambaa: nailoni yenye alama ya 1000D (D ni kipimo cha uzito wa uzi), au 500D kwa anayetaka wepesi, 600D ya poliesta inatosha kwa mizigo ya chini ya kilo 6. Zipu: namba 10 kwa mdomo mkuu na namba 8 au 5 kwa vifuko vya pembeni. Namba hiyo inakaribia upana wa meno kwa milimita na mara nyingi imechapwa nyuma ya kitelezi, pamoja na jina la mtengenezaji kama YKK. Zipu kuu iwe na vitelezi viwili vyenye matundu ya kupitishia kufuli. Mishikio: isishonewe juu ya mdomo tu, bali utepe wake uzunguke chini ya begi na kupanda upande wa pili, ili uzito ubebwe na utepe wenyewe. Mahali mkanda wa bega unapoungana na begi, tafuta mshono mzito wa kurudiarudia, ule mfupi uliobanana. Mshono mmoja ulionyooka pale utafumuka. Chini: plastiki ngumu au ubao mwembamba, na ikiwezekana miguu ya mpira.

Geuza begi nje ndani pia. Ule utando unaong'aa unaozuia maji huharibika kwa joto na unyevu, na begi lililokaa miaka kwenye kontena au bohari la Mombasa huwa linanata ndani na kumwaga unga mweupe. Hilo halitengenezeki.

Vikinga masikio vipe nafasi isiyobanwa, kwa sababu vikikaa chini ya risasi sponji yake hubonyea na sauti hupenya. Mlio wa bastola hupita desibeli 150, na sauti ya ghafla ya zaidi ya 140 yatosha kuumiza sikio moja kwa moja. Mimi hushauri vizibo ndani na vikinga nje, vyote viwili, na jozi ya akiba ya vizibo kwa mgeni. Miwani ikae kwenye kibweta kigumu. Mafuta ya silaha yatie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika.

Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe nje ya begi, kwenye kifuko chenye msalaba unaoonekana, na ndani mwake uwemo mkanda wa kubana damu, bandeji za kukandamiza na chachi. Watu wako uliokwenda nao wote wajue kilipo. Ukiumia wewe, wao ndio watakaokifungua.

Hatua ya sita: sumu inayorudi nyumbani na begi

Viwasho vya risasi nyingi vina madini ya risasi (lead) ndani yake, na vichwa vingi ni madini hayo hayo yaliyovikwa shaba. Kila mlio hutoa vumbi laini mno ambalo hutua mikononi, kwenye maganda yaliyotumika, kwenye mshipi, na ndani ya begi. Hakuna kiasi cha madini hayo kwenye damu ya mtoto kinachohesabika kuwa salama. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona mabegi ya shabaha yakiwekwa juu ya meza ya chakula, na watoto wakitumwa kuleta chaja kutoka humo.

Kwa hiyo chakula kisiingie kwenye begi hilo. Ndizi, mandazi, maji, vyote vina mfuko wake unaofungwa nje ya begi. Maganda ya risasi yaliyookotwa yaende kwenye mfuko wa wavu unaofungwa nje ya begi. Chagua begi lenye kitambaa laini ndani ambacho unaweza kukipangusa kwa kitambaa kibichi. Lile lenye manyoya ndani linahifadhi vumbi. Usilikung'ute wala kulifagia, utalipeperusha. Ukimaliza kulenga, osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kushika simu au usukani. Begi lisivuke sebule. Libaki stoo, juu, limefungwa, na silaha yenyewe iende kwenye sefu.

Silaha isilale ndani ya begi wala ndani ya holsta ya ngozi. Ngozi na sponji huvuta unyevu na kuushikilia dhidi ya chuma, na pwani kutu itaonekana ndani ya siku chache.

Hatua ya saba: safari

Kwa ndege, begi la shabaha si begi la safari. Huko Marekani peke yake, wakaguzi wa viwanja vya ndege walikamata bunduki na bastola 6,737 kwenye mizigo ya mkononi mwaka 2023, na maelezo yanayotolewa mara kwa mara na wahusika ni kwamba walisahau. Risasi moja iliyojificha kwenye kona ya kifuko inatosha kukulaza kituoni katika nchi ambayo huna kibali. Silaha husafirishwa kwenye kasha gumu lenye kufuli, kwenye mizigo inayokwenda chini, baada ya kutangazwa kwa shirika la ndege na kupewa vibali vya nchi zote mbili. Risasi zina kikomo cha kilo 5 kwa abiria pamoja na vifungashio vyake, yaani zile za 9mm ni kama 400 tu. Kasha hilo ulipime lienee ndani ya begi au sanduku lako la kawaida lisiloonyesha kilichomo.

Kwa barabara, kumbuka kwamba cheti cha Kenya huandika idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Hesabu kabla ya kufunga zipu, hesabu tena unaporudi. Na begi lenye silaha haliachwi garini, hata kwa dakika za kununua maji.

Matunzo

Velkro ya mshipi hupoteza nguvu kwa sababu ya nyuzi na majani makavu yanayoingia kwenye kulabu. Zichane kwa mswaki mkavu kila baada ya mashindano. Ikiwa baada ya kuchana unaweza kuuvua mshipi wa nje kwa kidole kimoja, badilisha wa ndani, ambao ndio huchoka kwanza. Skrubu za holsta na vifuko zitie gundi ya kuzuia skrubu kulegea, ile ya bluu, na uchore mstari mdogo wa kalamu nyeupe kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye plastiki. Siku mstari ukikatika utajua imezunguka kabla haijadondoka. Ngozi ipanguse jasho, ikauke kivulini, ipakwe nta kidogo nje tu. Mafuta mengi huilainisha, na mshipi uliolainika umerudi kuwa wa ofisini. Mshono wa begi ukianza kufumuka kwenye mkanda wa bega, mpelekee fundi viatu mwenye mashine nzito wiki hiyo hiyo, aushone upya kwa uzi wa nailoni wenye rangi tofauti ili uweze kuutambua na kuukagua.